Kati ya 66 na 67

Kuna mstari mmoja wa msimbo ambao nimeusoma mara nyingi kuliko shairi lolote. Umeandikwa kwa Java, kwa ajili ya simu ndogo za vitufe, na jina lake ni playTone. Unadai vitu vitatu tu: noti, muda na ukubwa wa sauti. Ukiupa 69, 1000 na 80, simu italia noti namba 69 kwa sekunde moja, kwa sauti ya 80 katika kipimo cha 0 hadi 100. Hakuna kingine.

Najua tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na filamu. Leo naomba niuhakiki mstari huu kwa namna hiyohiyo. Nao ni maandishi. Una waandishi wake, una mambo unayoyaona na mengine usiyoyaona, na mwaka 2011 niliutumia kumwandikia babu yangu ujumbe ambao hakuuelewa. Gharama ya kutoelewana huko aliilipa yeye.

Nianze na sifa zake, maana unazo. playTone uliingia kwenye simu mwaka 2002, katika toleo la pili la MIDP, yaani mkusanyiko wa amri ambazo kampuni za simu zilikubaliana kuzifuata ili programu moja iweze kufanya kazi kwenye simu za aina nyingi. Simu zile zilikuwa na kumbukumbu finyu mno. Sauti iliyorekodiwa, hata ile ya ubora wa chini yenye sampuli 8,000 kwa sekunde na baiti moja kwa kila sampuli, ilikula baiti 24,000 kwa sekunde tatu tu. Amri iliyo ndugu wa playTone, inayopiga mfululizo wa noti, iliweka kila noti kwa baiti mbili: moja ya noti, moja ya muda. Wimbo wa noti tano ukawa baiti kumi na nyingine chache za utangulizi. Aliyesoma sekondari enzi za Nokia 3310, akabadilishana na wenzake vikaratasi vyenye orodha ya vitufe vya kubonyeza ili simu iimbe, anaijua raha ya ubahili wa namna hii. Mwandishi anayeweza kusema wimbo kwa baiti kumi anastahili kuvuliwa kofia.

Tatizo limo ndani ya neno la kwanza: noti.

Kwa playTone, noti ni namba nzima kuanzia 0 hadi 127. Noti 69 ni mtetemo wa mara 440 kwa sekunde, yaani hezi 440. Ukipanda hatua moja, unazidisha kwa takriban 1.0595. Ukipanda hatua 12, masafa yamekuwa maradufu, na noti 81 ni hezi 880. Waandishi wa MIDP hawakuibuni hesabu hii. Waliirithi kutoka MIDI, lugha iliyotoka mwaka 1983 ili vinanda vya umeme viweze kuzungumza. Vinanda navyo viliirithi kutoka piano, yenye vitufe 12 kabla sauti haijajirudia juu zaidi. Hata 440 yenyewe ni makubaliano ya watu. Ipo katika kiwango namba 16 cha shirika la viwango la kimataifa, ISO, cha mwaka 1975. Hivyo mtu anapoandika 69 kwenye simu, anaandika historia nzima ya kinanda bila kujua. Mimi sikujua.

Babu yangu alikuwa akipiga ilimba. Alizaliwa na kuzeekea Chamwino, mkoani Dodoma, kwenye nchi ya mtama na uwele. Ilimba yake ilikuwa sanduku la mbao lenye vijiti bapa vya chuma, vinavyopigwa kwa vidole gumba viwili. Kabla ya kuanza wimbo wowote alipiga kipande kifupi cha noti tano, kama mtu anayebisha hodi. Tuliokulia nyumbani kwake tulikitambua kipande hicho hata tukiwa mtoni.

Mwaka ule macho yake yalikuwa yameshazimika, na presha ilikuwa imempata. Alipewa vidonge viwili kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mimi nilikuwa chuo, mwaka wa pili wa kompyuta, na nilikuwa na majibu ya kila kitu. Nikamwambia shangazi asihangaike. Nitaandika programu ndogo kwenye simu ya Babu, na saa moja asubuhi na saa moja jioni simu itapiga hodi yake mwenyewe. Hahitaji kusoma. Atasikia tu.

Likizo nikaenda na kompyuta yangu na programu ya kupima masafa. Nikamwomba apige kijiti kimoja kimoja huku nikiandika namba. Sikurekodi wimbo. Nilihitaji namba tu.

Nazizungusha hapa ili hesabu ionekane vizuri. Vijiti vyake vilitoa hezi 220, 275, 330, 385, 440 na 495. Zigawanye zote kwa 55 na utapata 4, 5, 6, 7, 8, 9. Ni familia moja ya mitetemo, ileile inayosikika ukiugusa uzi wa zeze kwa wepesi kwenye nusu yake, theluthi yake, robo yake na kuendelea. Watafiti wa muziki wa Wagogo, Gerhard Kubik akiwa mmoja wao, wameeleza kwamba ngazi ya muziki huu imejengwa juu ya familia hiyo. Babu hakuwahi kumsoma Kubik. Alikuwa anasogeza kijiti ndani au nje kwa kukigonga na jiwe dogo, anasikiliza, anagonga tena. Kijiti kikiingia ndani kidogo, kipande kinachotetema kinakuwa kifupi na sauti inapanda. Unywele mmoja ulimtosha kusema bado au tayari.

Nikakaa kivulini kuzigeuza namba zake ziwe noti za playTone. 220 ikawa 57 kamili. 330 ikawa 64, tofauti isiyofika nusu hezi. 440 ikawa 69. 495 ikawa 71, 275 ikawa 61, zote kwa tofauti ndogo ambayo niliivumilia. Ikabaki 385, noti ya nne katika hodi yake. Noti 66 ni hezi 370 hivi. Noti 67 ni hezi 392. Noti ya Babu ilikuwa katikati, na katikati hapakuwa na mlango.

Hesabu iliniambia ni noti 66.69. Nikaandika 66.69. Kompaila, ile programu inayokagua msimbo kabla haujaingia kwenye simu, ikakataa. Ilisema kwamba kuigeuza namba ile iwe namba nzima kungepoteza usahihi. Nimeufikiria ujumbe ule kwa miaka. Mashine, isiyojua ilimba ni nini, ilinionya kwa maneno ya wazi kwamba kuna kitu kinakwenda kupotea. Nami, mjukuu wa mpiga ilimba, nikafuta desimali na kuandika 67.

Jioni nikaisikiliza mwenyewe. Ilikuwa hodi ya Babu, nikasema, au karibu yake. Basi la kurudi mjini lilikuwa linaondoka alfajiri. Nilimuaga akiwa bado kitandani. "Babu, kesho saa moja utausikia wimbo wako. Ukiusikia tu, meza dawa."

"Wimbo wangu naujua," akasema. "Nenda salama, mjukuu wangu."

Wiki mbili baadaye shangazi alipiga simu. Alimkuta Babu chini, karibu na mtungi wa maji, upande wa kushoto umelegea. Presha ilisoma 190 kwa 110. Shangazi alipovihesabu vidonge, kati ya 28 ambavyo vilipaswa kuwa vimemezwa, 11 vilikuwa bado vipo. Vilivyopungua ni vile alivyompa yeye mwenyewe, siku alizowahi kurudi kutoka shambani.

Nilipofika nilimuuliza kama simu ilikuwa inalia.

"Ilikuwa inalia. Kila siku."

"Sasa, Babu?"

"Nilidhani ni simu ya mwalimu hapo jirani. Uliniambia nitasikia wimbo wangu. Wimbo wangu haukosei pale."

Sisemi kwamba noti moja ndiyo iliyompiga Babu kiharusi. Presha haina sababu moja, na dawa haikupaswa kutegemea mlio peke yake. Ningeweza kumsikilizisha kabla sijaondoka. Ningeweza pia kutumia sauti iliyorekodiwa, maana simu ile iliweza kucheza faili ndogo ya sauti, na baiti 24,000 zingepata nafasi. Nililijua hilo. Lakini namba zilinipendeza zaidi. Zilikuwa safi, zilikuwa fupi, zilinifanya nijione mwandishi wa programu wa kweli. Hapo ndipo uhakiki wangu wa playTone unapoanzia: haukunizuia kufanya kilicho sahihi, ila ulikifanya kisicho sahihi kionekane kizuri sana.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni hadithi ya Ulaya kuikosea Afrika. Ni rahisi mno kuisema hivyo. Hatua 12 zilizo sawa ni suluhu waliyoifikia watu wa vinanda ili wimbo uweze kuhamishwa kutoka kitufe kimoja hadi kingine bila kuchacha. Mpiga fidla huko huko Ulaya halazimiki kuzifuata, wala kwaya inayoimba bila kinanda. Kwa upande mwingine, sikiliza taarab ya Unguja inayofuata makamu ya rast. Sauti yake ya tatu inakaa kati ya vitufe viwili vya piano, na mpiga ganuni ana vishikizo vidogo vya shaba kando ya nyuzi, vya kuisogezea pale hasa inapotakiwa. Fidla, ganuni na ilimba ni ala zinazokubali kusogezwa. Kinanda hakikubali, na playTone ni mtoto wa kinanda.

Hivyo kosa lake silo asili yake. Kosa lake ni jina. Kama amri ile ingeitwa "piga kitufe cha kinanda", ningejua nipo nyumbani kwa nani. Iliitwa "piga toni", kana kwamba toni zote duniani zinakaa kwenye orodha ya namba 128. Maandishi yanayotaja sehemu kwa jina la kizima humfundisha msomaji kutoitafuta sehemu iliyobaki. Tunakamata kosa hili haraka kwa mwandishi anayeandika "Mwafrika" huku akimaanisha mtu mmoja aliyekutana naye hotelini. Kwenye msimbo hatulikamati, kwa sababu tumefundishwa kuuliza swali moja tu: unafanya kazi au haufanyi?

Simu janja zilipofika vijijini kwetu nilianza upya, kwa Android. Humo nilikuta njia mbili zinazofaa kulinganishwa na mstari wangu wa zamani.

Ya kwanza inaitwa ToneGenerator. Hii haina noti kabisa. Ina orodha ya milio yenye majina: mlio wa laini kuwa tayari, mlio wa laini kutumika, mlio wa kila kitufe cha namba. Ukiomba kitufe cha 5, inatoa mitetemo miwili kwa pamoja, hezi 770 na hezi 1336, jozi ileile ambayo mitambo ya simu imekuwa ikiitambua tangu simu za vitufe zilipoingia sokoni Marekani mwaka 1963. Naiheshimu kwa sababu moja: haidanganyi. Inajua kuongea lugha ya mitambo ya simu, na inasema hivyo. Hakuna atakayeifungua akitarajia wimbo wa babu yake.

Ya pili inaitwa AudioTrack, nayo ni karatasi tupu. Haikuulizi noti. Inataka uiletee mawimbi yenyewe, namba moja baada ya nyingine, kwa kawaida 44,100 kwa kila sekunde. Ukitaka hezi 385 unakokotoa wimbi la hezi 385, na ukitaka 385.4 hakuna wa kukukatalia. Uhuru huo una kazi yake. Mara ya kwanza nilipolikata wimbi ghafla, spika ilitoa mchakato kama wa kiberiti mwanzoni na mwishoni mwa kila noti. Ilinibidi nijifunze kuipandisha sauti taratibu kutoka sifuri na kuishusha taratibu hadi sifuri, kwa milisekunde chache tu. Nikajifunza pia kwamba simu ina mikondo tofauti ya sauti. Mlio uliopitishwa kwenye mkondo wa muziki unanyamaza mtu akipunguza sauti ya redio, ndiyo maana kikumbusho cha dawa lazima kipite kwenye mkondo wa kengele. Vitu vyote ambavyo playTone ulinifanyia kimyakimya, sasa nilipaswa kuviamua.

Nilimpelekea Babu noti tano, sahihi hadi kwenye desimali. Alisikiliza mara mbili.

"Sasa hajakosea," akasema. "Lakini huyu hana ilimba."

Kwenye sanduku la ilimba yake kulikuwa na tundu dogo lililofunikwa na utando wa buibui. Kijiti kikipigwa, utando unavuma, na sauti inatoka na ukwaruzo mwembamba pembeni yake. Wimbi langu lilikuwa laini kama sahani. Nilikuwa nimerekebisha masafa, nikadhani nimerekebisha toni. AudioTrack haikuwa na lawama hapo. Karatasi ilikuwa tupu, mimi ndiye niliyeandika kidogo.

Ikabaki kurekodi, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Ila kidole gumba cha kushoto cha Babu hakikuwa tena na nguvu, na vijiti viwili kati ya vitano vya hodi yake vilikuwa upande wa kushoto. Kimojawapo kilikuwa kile cha 385. Wimbo wenyewe, ukipigwa na yeye kwa mikono yake miwili, haupo popote duniani. Mwaka 2011 nilikaa mbele yake na kompyuta, nikachukua namba.

Kwa hiyo tulikaa bega kwa bega, ilimba ikiwa mapajani petu sote wawili. Yeye kulia, mimi kushoto. Nilipiga, akatikisa kichwa. Kijiti kilikuwa kimelegea kwa miaka ya kukaa bila kupigwa. Akaniambia nitafute jiwe. Nikagonga.

"Bado."

Nikagonga tena.

"Umepitiliza. Kirudishe."

Sikuifungua programu ya kupima masafa, japo ilikuwa mfukoni. Tulikaa hadi jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Aliposema tayari, hakusema kwa furaha, alisema kama mtu anayefunga hesabu. Tukapiga. Tulikosea mara nyingi, zote kwa sababu yangu. Ya mwisho aliikubali.

Usiku ule niliifungua rekodi kwenye kompyuta ili niisafishe. Programu ya kuhariri ilinipa kitufe cha kuondoa kelele, na kabla sijabonyeza nikaona kwenye picha ya mawimbi kile ilichokuwa inakusudia kuondoa. Kilikuwa utando wa buibui. Nikaiacha rekodi kama ilivyo, pamoja na kuku aliyepita karibu na shangazi anayekohoa jikoni.

Siku hizi napitia msimbo wa vijana kazini, na mara nyingi nakuta mistari inayofanana na playTone. Kuna sehemu ya jina inayodai jina la kwanza na la ukoo, na mtu mwenye jina moja anabaki nje. Kuna orodha ya lugha isiyo na Kigogo. Nakuta pia pale ambapo kompaila ilionya kwamba usahihi utapotea na mtu akaongeza alama ndogo ya kulazimisha, ili onyo liishe aende nyumbani. Siwalaumu sana. Nauliza tu kilichokuwa upande wa pili wa desimali kilikuwa cha nani, na kama mwenyewe ameulizwa.

Mwezi uliofuata baada ya kuweka rekodi ile, shangazi alihesabu vidonge. Hakikuwa kimebaki hata kimoja. Kisha akalalamika. Simu ikilia saa moja jioni, alisema, Babu hamezi dawa mpaka wimbo uishe, halafu anasema kwa sauti, ili kila aliyepo asikie, ni wapi hasa mjukuu wake amechelewa.